Mtambo wa gesi wa mfuko na magunia ya mboga: kaya kavu kando ya Ziwa Victoria

Mtambo wa gesi ya samadi haunywi maji. Unayapitisha tu. Ukiutia kilo 30 za samadi na lita 45 za maji asubuhi, upande wa pili zinatoka lita 73 au 74 za tope, kwa sababu kinachoondoka ni gesi peke yake, na mita moja ya ujazo ya gesi hiyo haifiki kilo moja na robo kwa uzito. Jambo hili husahaulika katika wilaya za Magu, Misungwi na Kwimba mkoani Mwanza, ambako mtu akisikia habari ya ndoo mbili na zaidi za maji kila siku husema mradi huo ni wa watu wa mwaloni, kule ziwani samaki wanakoshushwa. Maji hayo yapo. Yametoka yamebeba mbolea, na swali la maana ni yaende wapi: machache kwenye magunia ya mboga nyuma ya jiko, mengi kwenye majani ya kulisha ng'ombe walewale walioanza safari.

Maelezo haya ni ya mtambo wa mfuko wa nailoni kwa kaya ya watu sita hivi. Mtambo wa kuba la matofali, ule uliosambazwa sana na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, hudumu muda mrefu zaidi, na mwenye uwezo na fundi aliyefunzwa ajenge huo. Lakini kuba linataka shimo refu, na Mwanza ukichimba mita moja mara nyingi unagonga jabali. Kwenye udongo mweusi wa mbuga kuna shida nyingine: masika unavimba, kiangazi unapasuka, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kuitoa gesi yote. Mfuko unahitaji mtaro wa sentimita 65 tu, na udongo ukicheza, wenyewe unajikunja.

Hesabu kabla ya kununua nailoni

Ng'ombe wa kienyeji anayeshinda malishoni na kulala bomani huacha kilo 4 hadi 5 za samadi mbichi kwa usiku mmoja. Wa maziwa anayelishiwa bandani huacha 15 hadi 20 kwa siku. Kilo 30 basi ni ng'ombe sita hadi wanane wa kienyeji, au wawili wa maziwa. Kila kilo hutoa lita 30 hadi 40 za gesi ikikaa mtamboni muda wa kutosha, kwa hiyo jumla ni karibu mita moja ya ujazo kwa siku. Plate moja ya jiko hula lita 250 hadi 400 kwa saa. Una saa tatu za moto: chai ya asubuhi, ugali na mboga mara mbili. Maharage makavu yasiyolowekwa yatazimaliza saa hizo peke yake, kwa hiyo yalowekwe tangu jioni. Mwenye ng'ombe wawili tu wa kienyeji asijenge. Atapata chai na lawama.

Maji ni lita moja na nusu kwa kilo moja ya samadi. Kuna wanaochanganya lita moja kwa kilo moja, na kwenye kuba inafaa, lakini kwenye mfuko mrefu uji mzito hutulia katikati na kuziba. Katika lita hizo 45, si lazima zote zitoke kisimani:

- Lita 20 ni majimaji ya tope lililotoka, yaliyochujwa kwenye ndoo yenye matundu chini, kokoto juu yake, kisha mchanga mkubwa.
- Lita 5 ni mkojo wa ng'ombe, kama banda lina sakafu yenye mfereji.
- Lita 20 ni maji mapya, yakiwemo ya kuoshea mchele, mboga na samaki. Maji ya sabuni au ya dawa ya kufulia hayaingii kabisa. Yanaua vijidudu vinavyotengeneza gesi.

Usirudishe majimaji ya tope zaidi ya hapo. Amonia hujikusanya, na dalili yake ni harufu kali inayochoma pua kwenye mdomo wa kutolea huku gesi ikipungua siku hadi siku.

Mchanga ndio adui mkubwa wa mitambo ya Usukumani, kuliko ukame. Maboma mengi yako kwenye luseni, udongo wa kichanga, na anayezoa samadi kwa jembe anazoa na boma lenyewe. Kilo moja tu ya mchanga kwa siku ni kilo 365 kwa mwaka, zaidi kidogo ya pipa la lita 200 likilala kitakoni mwa mfuko. Baada ya miaka mitatu umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nafasi ya kuchachushia, na mfuko wa nailoni haufunguliwi kusafishwa. Saruji au mawe bapa kwenye kipande ambacho ng'ombe hulala hulipa gharama yake. Kwa asiyeweza: koroga samadi na maji kwenye ndoo, acha dakika tano mchanga utue, mimina taratibu, na inchi ya mwisho kitakoni uitupe.

Mtaro

Chagua mahali penye jua, chini ya boma na juu ya shamba la majani, ili kila kitu kiteremke chenyewe. Jiko lisiwe mbali zaidi ya mita 20. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka mtamboni. Aliye ufukweni akumbuke kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mtambo na magunia viwe nje ya hapo.

Mtaro una urefu wa mita 8, upana wa sentimita 80 juu na 60 chini, na kina cha sentimita 65. Sakafu iteremke kidogo kuelekea upande wa kutolea, sentimita moja kwa kila mita. Vipimo hivi vinafuata nailoni yenye mzunguko wa mita 3, yaani upana wa mita 1.5 ikiwa imelala. Ukipata nailoni nyembamba zaidi, punguza mtaro kwanza: sakafu na kuta mbili za mtaro zikijumlishwa zisizidi theluthi mbili ya mzunguko wa mfuko. Mtaro mpana mno hauachi nailoni ya kutosha kuinuka juu, na gesi haina pa kukaa.

Toa mizizi yote. Kata ncha za mawe, piga kuta kwa udongo wa mfinyanzi, kisha tandika magunia makuukuu au mchanga laini wa sentimita 5. Chimba na mfereji mdogo wa kuzunguka mtaro, kwa sababu mvua moja kubwa ya masika ikiingia chini ya mfuko inauinua ukaelea kama mtumbwi.

Kuufunga mfuko

Vifaa vinavyohitajika:

- Nailoni ya tyubu, ile inayouzwa kwa mita ikiwa haijapasuliwa ubavuni, mita 20. Nene iwezekanavyo, maikroni 200 au zaidi.
- Bomba la PVC la inchi 4, vipande viwili vya mita 1.2.
- Tyubu kuukuu za matairi ya gari, zikatwe mikanda ya upana wa sentimita 5.
- Fitingi ya plastiki ya inchi ¾ yenye uzi, dume na jike, washa mbili za mpira na mbili za plastiki ngumu zilizokatwa kwenye dumu.
- Bomba la inchi ¾ la kufika jikoni, tii tatu, koki mbili, chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Kata nailoni vipande viwili vya mita 9.5. Zinavalishwa moja ndani ya nyingine: tandaza ya kwanza kwenye majani laini yaliyofagiliwa miiba, mtu mmoja aingie ndani yake bila viatu, bila saa, bila mkanda, akiburuta ncha ya ya pili hadi atokeze upande mwingine. Zinyooshwe zikae bila mkunjo. Tabaka la nje linapokea jua na makucha, la ndani linashika gesi.

Mita moja na nusu kutoka upande wa kuingizia, juu kabisa mgongoni, kata tundu dogo kuliko unavyodhani, nailoni hunyumbuka. Dume la fitingi litoke ndani likiwa na washa ya plastiki kisha ya mpira, nje iwekwe ya mpira, ya plastiki, halafu jike. Kaza kwa mkono tu. Spana hapa inapasua.

Sasa ingiza nusu ya bomba la inchi 4 kwenye kila ncha ya mfuko, kusanya nailoni kulizunguka kwa mikunjo midogo inayofanana, na funga mkanda wa mpira ukianza sentimita 25 ndani ya nailoni, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia, hadi mpira umalizie juu ya PVC yenyewe. Mvujo mwingi wa siku za baadaye hutokea hapa. Mikunjo mikubwa huacha vijia ambavyo mpira hauvifiki.

Ziba bomba zote, jaza upepo (wengi hutumia moshi wa pikipiki kupitia bomba refu la chuma, ili joto lisiyeyushe nailoni), acha saa moja. Ukilegea, pakaza maji ya sabuni hadi uone povu. Usipime mvujo kwa kiberiti, wala leo wala siku yoyote.

Watu wanne waubebe mfuko uliojaa upepo na kuulaza mtaroni. Bomba la kuingizia lilale kwa mshazari wa nusu pembe mraba, la kutolea lilale zaidi ya hapo, ncha za ndani za zote mbili zikiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu. Mdomo wa kutolea ndio unaoamua kina cha uji: uwe sentimita 60 kutoka sakafuni. Mdomo wa kuingizia uwe juu kuliko huo kwa sentimita 30 au zaidi. Kwa kina hicho mfuko unashika uji wa takribani mita 3.3 za ujazo, na kwa lita 75 kwa siku kila tone linakaa siku 44. Kwa Mwanza, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 20, usishushe chini ya siku 40.

Juu ya mfuko weka paa la nyasi au bati lililoinuliwa, na uzio imara. Jua hula nailoni taratibu. Mbuzi huimaliza asubuhi moja.

Njia ya gesi

Bomba lianze kwenye fitingi na lipande. Karibu na mfuko weka tii ya kwanza, mguu wake uingie ndani ya chupa yenye maji, ukizama sentimita 5, na ubavu wa chupa utobolewe juu ya usawa wa maji. Hiyo ndiyo valvu ya usalama: gesi ikizidi, inapuliza mapovu na kutoka, badala ya kupasua mfuko. Kiangazi maji ya chupa hukauka, na siku yakikauka gesi yote hutoka kimyakimya wakati mwenye mtambo analaumu samadi. Itazame kila wiki.

Tii ya pili ijazwe stilwaya ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu, siyo ile isiyoshika. Chuma huinasa hewa ya harufu ya yai bovu, ambayo hula jiko na kuumiza kichwa. Ikigeuka nyeusi na kumeguka, kama kila miezi miwili au mitatu, badilisha.

Tii ya tatu ikae mahali bomba liliposhuka zaidi, mguu ukitazama chini na koki yake. Gesi hutoka na mvuke, mvuke hugeuka maji usiku, na maji yakijaa kwenye bonde la bomba moto jikoni hucheza, unapanda, unashuka, unazima. Fungua koki, maji yatoke, funga. Kila sehemu nyingine ya bomba iteremke ama kurudi mtamboni ama kuelekea koki hiyo. Bomba la kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo litakusumbua daima.

Plate ya gesi ya mtungi haiwaki vizuri kama ilivyo, maana tundu lake limetengenezwa kwa gesi nzito yenye msukumo mkubwa. Toa regeta, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi ya mtungi, na tundu lipanuliwe hadi milimita 2 au 2.5. Moto wa njano wenye masizi unataka hewa zaidi. Moto unaoruka kutoka kwenye plate una hewa nyingi mno. Unaotakiwa ni wa bluu, mfupi, wenye sauti ndogo. Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue koki. Jiko liwe na dirisha juu, kwa kuwa gesi hii ni nyepesi kuliko hewa na hukusanyika darini; methani, sehemu yake inayowaka, ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kulipuka.

Kuanzisha

Kusanya kilo 500 za samadi mbichi na lita 1,000 za maji. Ya ziwa yanafaa. Ya bomba yenye klorini yaache wazi siku mbili. Changanya na umimine, hakikisha ncha za ndani za bomba zote mbili zimezama, vinginevyo gesi itatokea huko. Ukipata ndoo tano za tope kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi, zitie. Ni kama chachu ya maandazi. Kisha subiri wiki mbili. Anza kulisha kilo 10 kwa siku, wiki inayofuata 20, halafu 30.

Gesi ya kwanza haiwaki, kwa kuwa nyingi ni hewa ukaa. Iachie nje mara mbili tatu. Wengi hukata tamaa siku hizi na kuongeza samadi kwa pupa, na hapo ndipo mtambo unaposhikwa na uchachu: vijidudu vinavyotengeneza asidi huzaliana upesi kuliko vinavyoila. Karatasi ya kupimia asidi ikionyesha chini ya 6.5, au tope likinuka siki, acha kulisha siku tano hadi saba, na kwa siku tatu utie kila siku nusu kilo ya majivu ya kuni yaliyochekechwa na kukorogwa katika ndoo ya maji.

Samadi ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki isiingie kwa wiki mbili. Hiyo ni dawa ya kuua bakteria, na mtambo mzima ni bakteria.

Magugu maji na utumbo wa samaki

Kila anayeishi Kayenze, Igombe au Luchelele huuliza kuhusu gugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliolivamia ziwa tangu karibu na mwaka 1990. Linatoa gesi, ndiyo. Ila zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na kilo moja mbichi hutoa lita 10 hadi 14 tu za gesi, kama theluthi ya samadi. Ubora wake kwa mahali pakavu ni hayo maji: kilo 10 za magugu zimekuja na lita 9, unaweza kuzipunguza kwenye ndoo ya kisima. Lakini kulisukuma kwa toroli kilomita tano juu ya mlima ni kubeba maji kwa njia ya mateso. Linafaa kwa aliye karibu na mwalo, basi.

Kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, ponda, acha siku mbili kwenye pipa pamoja na tope la mtambo, kisha changanya sehemu moja ya magugu kwa sehemu tatu za samadi, isizidi. Mabua yana mifuko ya hewa; yakiingia mazima yanaelea, yanajisuka kama mkeka, na gesi inashindwa kupanda. Chagua yasiyo na maua ili usipeleke mbegu, na kamwe usiyapeleke kwenye lambo lisilo nayo. Yavutwe kwa reki ndefu, umevaa mabuti na glovu. Konokono wa kichocho hushikamana na mizizi yake, na mamba hujificha chini.

Kuna sharti moja ambalo halijadiliwi. Gugu maji hufyonza metali nzito, risasi na zebaki zikiwemo. Yaliyoota mdomoni mwa Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji la Mwanza, au chini ya mahali panapooshwa dhahabu, yasiingie katika mtambo ambao tope lake litafika kwenye mboga.

Utumbo wa samaki kutoka mialoni una gesi nyingi kwa uzito wake, na ndiyo sababu huharibu mtambo haraka. Kilo moja kwa kila kilo 20 za samadi ni mwisho. Mafuta yakizidi yanaweka tando juu, na amonia inapanda. Mapanki, yale mabaki ya mifupa ya samaki, waachie kuku, kwa kuwa mifupa haichachuki. Pumba ngumu za mpunga na mabua ya pamba pia visiingie, kwa sababu vijidudu hivi haviwezi kuumega ubao. Pumba hizo zina kazi kwenye magunia.

Magunia

Gunia la sandarusi la kilo 100 likijazwa hadi sentimita 80 lina kipenyo cha nusu mita na linabeba miche 35 hadi 45 kwenye eneo dogo kuliko sinia la familia. Magunia 12 yanatosha kaya. Yapange mita moja kutoka moja hadi jingine, yapate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, yakae juu ya mawe bapa, siyo juu ya udongo, mchwa wasipande.

Mchanganyiko ni debe tatu za udongo wa juu, debe moja na nusu ya tope lililokaushwa kivulini mwezi mmoja, na debe moja ya pumba za mpunga au mchanga mkubwa. Udongo wa mbuga peke yake hugeuka tofali. Luseni peke yake haishiki maji. Weka tabaka la mchanganyiko chini, simamisha katikati ndoo ndogo au kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto za ukubwa wa yai la kuku, jaza udongo pembeni, vuta kopo juu, endelea hivyo hadi mwisho. Unapata nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Ndiyo koo la gunia. Udongo ukiingia ndani ya nguzo, maji husimama juu, miche ya chini inakauka na ya juu inaoza.

Kila tabaka lisindikwe kwa viganja pande zote. Gunia lililojaa upande mmoja litainama baada ya mvua ya kwanza, na kilo 200 zilizoinama hazinyooshwi na mtu.

Acha lisimame siku tatu likinyweshwa, ndipo utoboe. Tundu la vidole viwili, sentimita 15 kati ya tundu na tundu, sentimita 20 kati ya safu na safu, kwa kupishana kama matofali. Tundu kubwa humwaga udongo. Ubavuni panda sukuma wiki, chainizi, mchicha, mnavu au matembele. Juu vitunguu majani na nyanya mbili, siyo tatu. Kabeji na mahindi havina nafasi hapa. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, sukuma wiki majani ya chini kuanzia wiki ya sita au ya saba.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, gunia linataka lita 5 hadi 8 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni, kupitia nguzo na juu kidogo. Tumia maji ya kawaida. Tope ni chakula, halichukui nafasi ya maji: lita moja ya tope iliyochujwa kwa lita tatu za maji, na kila gunia lipate lita 6 za mchanganyiko huo mara mbili kwa wiki. Anayemwaga tope zito kila siku ataona ncha za majani zikiungua na ukoko mweupe juu ya udongo. Huo ni chumvi. Mwagia gunia lita 20 za maji safi mara moja, liache lichuruzike, pumzisha tope wiki tatu.

Tope limwagwe kwenye udongo, si kwenye majani, na lisitumike wiki mbili kabla ya kuchuma. Siku 44 katika joto la kawaida haziui mayai yote ya minyoo. Mboga hizi zipikwe. Choo cha nyumba kisiunganishwe na mtambo unaolisha magunia.

Utitiri hupenda magunia ya kiangazi, hasa mnavu na nyanya. Geuza jani: ukiona vumbi jekundu linalotembea, nyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani jioni tatu mfululizo kabla ya kufikiria dawa.

Magunia 12 yanakula lita 36 za tope kwa wiki. Mtambo, ukitoa zile lita 20 zinazorudi, unakuachia zaidi ya 50 kwa siku. Zilizobaki zipeleke kwenye mabingobingo, yale majani ya kulisha ng'ombe: chora mifereji katikati ya mistari, gawa lita 5 kwa kila mita, na kwa mistari yenye jumla ya mita 100 utazunguka shamba lote kila baada ya siku kumi. Funika mfereji kwa nyasi kavu mara tope linapozama. Lisipofunikwa, jua la saa sita linarusha hewani naitrojeni uliyoihangaikia tangu bomani, na harufu ya amonia utakayoisikia ndiyo mbolea yenyewe ikiondoka.